Muhula wa Kwanza wa MBA: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa anayeanza MBA, au shahada nyingine ya biashara inayokwenda kwa mtindo huohuo: masomo ya lazima manne hadi sita kwa mpigo, vikundi vilivyopangwa na shule, visa (masimulizi ya kampuni iliyo mbele ya uamuzi) vya kujadili darasani, na msako wa kazi unaoanza kabla hujajua maktaba iko upande gani. Kila shule ina kanuni zake. Pale mwongozo wa kozi yako unapopingana na ukurasa huu, fuata mwongozo.

Kwa nini muhula wa kwanza unachosha kuliko yote inayofuata?

Kwa sababu umejazwa kupita kiasi, tena kwa makusudi. Piga hesabu. Masomo matano, kila moja mara mbili kwa wiki, ni vipindi kumi. Kila kipindi kikiwa cha dakika 80, hizo ni saa 13 na dakika 20 za kukaa darasani. Kila kipindi kikitaka saa mbili za maandalizi, ongeza saa 20. Mikutano ya kikundi saa 6, kazi za kukusanywa saa 8, shughuli za kutafuta ajira saa 8. Umefika saa 55 na bado hujafua nguo.

Hakuna anayeyafanya yote hayo vizuri. Wanaovuka wakiwa wazima ni wale walioamua mapema ni kitu gani watakifanya nusunusu, wasisubiri uchovu uwaamulie. Ushauri mwingi ulio hapa chini unarudi kwenye jambo hilo moja: uamuzi wa nini kiachwe.

Kuna na sababu ya pili. Wengi wanaoingia walikuwa hodari kazini kwao, na ghafla wanakaa chumba kimoja na hodari wengine sitini. Mhandisi anaona jinsi mhasibu anavyosoma mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji) kama gazeti. Mhasibu anaona mtu wa masoko anavyoongea bila kigugumizi. Kila mmoja anajilinganisha na upande wenye nguvu wa mwenzake, kisha analala akiamini ameingia kwa bahati. Katika muhula huu hisia hiyo haipimi uwezo wako kwa lolote.

Nina wiki tatu kabla ya kuanza. Nisome nini?

Acha vitabu vya viongozi mashuhuri. Jifunze lahajedwali (programu kama Excel), misingi ya uhasibu, na hesabu ulizozisahau: vipeo, logi, mteremko wa mstari, asilimia ya asilimia.

Upande wa lahajedwali, jipime hivi. Tengeneza jedwali la mkopo wa 100,000 unaolipwa kwa miezi 24, riba ikiwa 1.5% kwa mwezi. Safu zake ni tano: mwezi, salio la mwanzo, riba, malipo, salio la mwisho. Malipo ya kila mwezi yatakuwa 4,992 na ushee, na salio la mwezi wa 24 lazima liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, mara nyingi kosa ni kwamba seli ya riba haikufungwa kwa alama ya dola, hivyo ulipoivuta fomula kwenda chini nayo ikateremka na kusoma seli tupu. Ukiweza kulijenga jedwali hilo kwa dakika 15 bila kugusa kipanya mara kwa mara, umeiva.

Kisha maliza mambo ya nyumbani yatakayokuvizia katikati ya muhula: jino linalouma, leseni inayokwisha muda, kompyuta yenye betri mbovu. Na uwe na CV ya ukurasa mmoja iliyokamilika. Utaombwa wiki ya kwanza au ya pili, na kuiandika upya usiku wa manane sambamba na kazi ya takwimu ni mateso ya bure.

Sijawahi kusoma uhasibu. Debiti na krediti zinanichanganya.

Zinakuchanganya kwa sababu umezijulia benki. Benki ikikuambia akaunti yako “imekreditiwa”, pesa imeingia, kwa hiyo unadhani krediti ni kupata. Lakini benki inaandika vitabu vyake, si vyako. Pesa yako ni deni ambalo benki inadaiwa, na deni likiongezeka huandikwa krediti. Kwenye vitabu vyako wewe, pesa hiyohiyo ni mali, na mali ikiongezeka huandikwa debiti.

Debiti ni upande wa kushoto, krediti ni upande wa kulia. Basi. Hazina maana ya wema wala ubaya. Mali na gharama huongezeka kushoto; madeni, mtaji na mapato huongezeka kulia. Kila tukio huandikwa pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Utaratibu huo Luca Pacioli aliuchapisha huko Venice mwaka 1494 na bado haujabadilika, kwa hiyo saa utakazotumia kujifunza hazipotei.

Kwa wiki tatu za kwanza, fanya maingizo kumi kwa mkono kila siku. Kwa mkono, kwenye karatasi, si kwa kusoma majibu ya mtu. Anayesoma majibu huhisi ameelewa mpaka siku ya mtihani.

Kila mtu anauliza: uchakavu (gharama ya mitambo kuchakaa) ukiongezeka kwa 10, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje?

Swali hili huulizwa darasani na pia kwenye usaili wa kazi za benki za uwekezaji, kwa hiyo lijue kwa moyo. Tuseme kodi ni 30%, inalipwa taslimu, na uchakavu huo unakubalika kikodi.

Taarifa ya faida na hasara: faida kabla ya kodi inashuka kwa 10, kodi inashuka kwa 3, faida halisi inashuka kwa 7.

Taarifa ya mtiririko wa fedha: unaanza na faida iliyoshuka kwa 7, kisha unarudisha uchakavu wa 10 kwa sababu hakuna noti iliyotoka mfukoni. Fedha taslimu zimeongezeka kwa 3.

Mizania: fedha zimepanda 3, mitambo imeshuka 10, jumla ya mali imeshuka 7. Upande wa pili, faida iliyolimbikizwa imeshuka 7. Inalingana.

Wengi hujikwaa kwa kusema uchakavu “unaleta pesa”. Hauleti. Ile 3 ni kodi ambayo hukulipa. Ukiwa na kodi ya 0%, fedha hazibadiliki hata kidogo. Ijaribu uone.

Fedha: thamani ya sasa ni nini, na kwa nini jibu langu la Excel halilingani na la mwenzangu?

Shilingi, dola au yuro ya mwaka kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa sababu ya leo ungeweza kuiwekeza. Mradi unagharimu 1,000 leo na unarudisha 400 kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu. Jumla ni 1,200, kwa hiyo kwa macho una faida ya 200. Sasa punguza kwa 10% kwa mwaka, yaani gawanya kwa 1.1 kwa kila mwaka unaosubiri: 363.64, halafu 330.58, halafu 300.53. Jumla 994.74. Ondoa 1,000 unabaki na hasi 5.26. Mradi uliokuwa unapendeza umekataliwa.

Kuhusu Excel: kitendaji cha NPV (fomula yake ya kupata thamani ya sasa) huchukulia kwamba kiasi cha kwanza kwenye orodha kinakuja mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiiingiza ile hasi 1,000 ya leo ndani ya mabano, nayo itapunguzwa mwaka mzima, na utapata hasi 4.78. Weka ndani ya kitendaji zile 400 tatu peke yake, kisha toa 1,000 nje ya mabano. Hapa tofauti ni ndogo. Kwenye mradi wa mamilioni ni alama zinazopotea, au uamuzi unaogeuka.

Makosa mengine ya kudumu: kujumlisha gharama ambazo zimeshatumika na hazirudi, kusahau kwamba bidhaa zinazolala ghalani zimekula fedha, na kupunguza mapato yaliyohesabiwa pamoja na mfumuko wa bei kwa kiwango kisichouhesabu.

Takwimu je? Natakiwa kukariri fomula?

Chache. Kinachotahiniwa zaidi ni kulisoma jedwali la rigresheni, yaani hesabu inayokadiria kitu kimoja (tuseme mauzo) hubadilikaje kingine (tuseme bei) kikibadilika. Tuseme kigawe cha bei (badiliko la mauzo bei ikipanda kwa uniti moja) ni hasi 12 na kosa sanifu (kiasi ambacho makadirio hayo huweza kuyumba) ni 4. Gawanya: hasi 3. Kipimo kikizidi 2 hivi, kwa chanya au hasi, na sampuli si ndogo sana, matokeo hayaelekei kuwa ya bahati tu. Kisha tafuta masafa: hasi 12 kutoa na kuongeza mara mbili ya 4, yaani kati ya hasi 20 na hasi 4. Kwa meneja, masafa hayo ndiyo jibu: bei ikipanda kwa uniti moja, mauzo yanashuka kwa uniti 4 hadi 20, vitu vingine vikibaki vilevile.

Ikiwa bei na matangazo vilikuwa vikipanda na kushuka pamoja kwenye data, kompyuta haiwezi kuvitenganisha. Makosa sanifu yatavimba na vigawe vitayumba. Hapo usiseme “bei haina athari”. Sema data hii haiwezi kutuambia.

(Kule kugawanya kigawe kwa kosa sanifu huitwa jaribio la t, nalo lilitoka kwenye kiwanda cha bia: William Gosset alilichapisha mwaka 1908 akiwa mwajiriwa wa Guinness, kwa jina la “Student”. Lilizaliwa kutokana na tatizo la biashara, la sampuli ndogo.)

Na uchumi?

Fikiri kwa uniti inayofuata, si kwa wastani. Karibu kila swali la muhula wa kwanza hujibika kwa kuuliza: nikizalisha moja zaidi, inaongeza mapato kiasi gani na gharama kiasi gani? Chora michoro kwa mkono mpaka uweze kueleza kwa mdomo kwa nini mstari (wa mahitaji au wa ugavi) umesogea, badala ya kutembea juu ya mstari uleule. Kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kunakokula alama nyingi.

Kisa kina kurasa 20 na kesho kuna viwili. Nisomeje?

Usianze ukurasa wa kwanza ukaenda moja kwa moja hadi wa mwisho. Fanya hivi, na uweke saa mezani:

Dakika 10 za kwanza, soma aya ya mwanzo, aya ya mwisho, vichwa vidogo, na majina ya viambatisho. Andika kwa sentensi moja: nani anatakiwa kuamua nini, na kufikia lini?

Dakika 30 zinazofuata, soma mwili wa kisa ukiwa na swali hilo mkononi. Pigia mstari namba na mivutano kati ya watu. Historia ya mwanzilishi, safari zake na ndoto zake, ipite haraka. Mara nyingi ni pambo.

Dakika 30, kaa na viambatisho. Kisa kizuri huficha jibu kwenye jedwali ambalo hakuna mhusika anayelitaja. Angalau tafuta kiwango cha kurudisha gharama. Kwa mfano gharama zisizobadilika 60,000, bei 50, gharama ya kila kimoja 30: 60,000 gawanya kwa 20 ni vipande 3,000. Kisha jiulize kama 3,000 ni nyingi au kidogo ukilinganisha na soko lililotajwa. Hapo ndipo uchambuzi unapoanza. Wengi huishia kwenye 3,000.

Dakika 10 za mwisho, andika msimamo wako: uamuzi, sababu mbili, namba moja, hatari moja.

Jumla ni dakika 80. Ukivuka dakika 100, simama. Saa ya tatu huongeza kidogo sana, na kesho yake hutakuwa na sauti.

Mhadhiri anaita watu ghafla. Nikiitwa sijui kitu?

Ile karatasi ya mistari minne ndiyo kinga yako. Isome kwa sauti kabla ya kuingia. Inachukua sekunde 90 hivi, na ufunguzi wa namna hiyo unatosha kabisa. Mhadhiri hatafuti jibu moja sahihi, anatafuta mahali pa kuanzia mjadala.

Kama hukujiandaa, mwambie kabla ya kipindi, ana kwa ana au kwa ujumbe mfupi. Wengi hukubali mara moja kwa muhula. Ukiitwa ukiwa mtupu, usizunguke kwa maneno matamu. Sema: “Sijaifikia hesabu hiyo, lakini kiambatisho cha 3 kinaonyesha gharama zimepanda kuliko mauzo, kwa hiyo ningeanza hapo.” Kisha nyamaza.

Ushiriki darasani unahesabiwa alama, nami si mwongeaji. Au lugha ya kufundishia si yangu.

Angalia mwongozo wa kozi unaupa ushiriki asilimia ngapi. Katika shule zinazofundisha zaidi kwa visa unaweza kuwa nusu ya alama. Ukiwa 10%, usijisumbue sana. Ukiwa 40% na ukanyamaza, mtihani mzuri hautakuokoa.

Lenga mchango mmoja kwa kipindi, katika dakika 20 za kwanza. Ukichelewa, hoja uliyoiandaa itakuwa imeshasemwa na wengine, na mjadala umehama. Michango iliyo rahisi kuiandaa nyumbani ni mitatu: kuleta namba uliyoikokotoa, kuonyesha kwamba hoja mbili zilizosemwa zinapingana, na kuuliza nini kingebadilika kama dhana fulani si kweli. Anayeandika sentensi yake ya kwanza kamili kwenye daftari hapati shida ya kuanza, na kuanza ndiko kugumu. Lafudhi haina alama.

Wiki ya nne, nenda ofisini kwa mhadhiri umuulize michango yako iko daraja gani na imekosa nini. Usisubiri mwisho wa muhula.

Kikundi changu kinagombana. Ni kawaida?

Ni kawaida, hasa wiki ya tatu hadi ya tano, adabu za mwanzo zinapokwisha. Bruce Tuckman aliandika mwaka 1965 kwamba vikundi hupita hatua ya mivutano kabla ya kukubaliana utaratibu, kwa hiyo msikimbilie kuomba kubadilishwa.

Kinachosaidia ni ukurasa mmoja wa makubaliano ulioandikwa kwenye mkutano wa kwanza kabisa, kabla ya kosa la mtu yeyote. Uwe na haya: siku na saa za kukutana, mkutano usizidi dakika 90, kila mtu anataka alama gani (mmoja anataka daraja la juu, mwingine anataka kufaulu tu, na ni afadhali mkajua sasa), nani anaunganisha kazi, na kwamba vipande vyote vinamfikia huyo mwunganishaji saa 24 kabla ya muda wa kukusanya.

Hizo saa 24 ndizo roho ya makubaliano. Kazi za vikundi huharibikia kwenye kuunganisha: sehemu ya kwanza inasema mauzo yatakua 8%, jedwali la tatu linatumia 5%, hitimisho linataja faida ambayo haiko popote. Kila mtu alifanya sehemu yake vizuri. Weka dhana zote kwenye ukurasa mmoja wa faili moja la pamoja, na kila jedwali livute kutoka hapo.

Kuna mtego mwingine, mtamu zaidi: mhasibu wa kikundi anafanya uhasibu wote, mwanatakwimu takwimu zote. Alama zinakuja, na kila mtu anaingia kwenye mtihani akijua somo alilokuwa akilijua tangu zamani. Kwa masomo mawili yaliyo mazito, geuzeni: asiyejua aandike rasimu ya kwanza, anayejua akague. Itachukua saa mbili zaidi, na ndiyo maana tunasema mawili, si yote.

Mwenzetu hafanyi kazi kabisa.

Mmoja wenu aongee naye faragha, kwa mambo mahususi: “Jumatatu jedwali halikuja, Alhamisi halikuja.” Usiseme “hujitumi”. Mara nyingi kuna ugonjwa, msiba, au amelemewa na somo na anaona haya kukiri. Ikirudiwa, andikeni ujumbe wenye tarehe. Mara ya tatu, mpelekeeni mhadhiri kabla ya kazi kukusanywa. Malalamiko yanayokuja baada ya alama kutoka huonekana kama visasi.

Alama zinagawanywa kwa viwango vilivyopangwa. Ina maana tunashindana?

Kwa kiasi. Darasa la watu 60, kanuni ikisema 15% wapate daraja la juu, ni watu 9. Ikisema 10% wapate la chini, ni watu 6. Katikati wapo 45, na tofauti kati yao mara nyingi haibadilishi chochote. Juhudi za busara ni kutoingia kwenye wale sita, kisha kuchagua somo moja au mawili ya kulenga juu. Kuwanyima wenzako maelezo hakusaidii: waliobaki nyuma si wale uliowafundisha, ni wale wasiouliza mtu.

Fahamu pia kama shule yako inawaonyesha waajiri alama. Baadhi ya shule, wanafunzi wamekubaliana wasizitoe. Benki na kampuni za ushauri huziulizia pale zinapoweza.

Nimefeli mtihani wa katikati. Nimekwisha?

Hujakwisha. Chukua karatasi yako ndani ya wiki moja na gawanya alama zilizopotea kwenye mafungu matatu: sikujua, nilijua lakini nikakosea hesabu, muda uliisha. Fungu la kwanza linahitaji mkufunzi msaidizi. La pili linahitaji mazoezi ya mkono. La tatu linahitaji mitihani ya zamani iliyofanywa kwa saa. Kosa kubwa ni kuyatibu yote matatu kwa kusoma sura upya.

Msako wa kazi umeanza wiki ya nne. Ni lazima niingie?

Inategemea unataka kwenda wapi. Katika programu za miaka miwili, hasa Marekani, benki za uwekezaji na kampuni za ushauri hutafuta wanafunzi wa mafunzo ya kazini ya kiangazi mapema sana, na maandalizi yake huangukia muhula wa kwanza. Katika programu za mwaka mmoja mambo huja mbio zaidi. Kampuni za teknolojia, viwanda na mashirika madogo mengi huajiri baadaye, zinapopata nafasi.

Kwa hiyo amua njia moja, au mbili zinazokaribiana, kabla ya mwisho wa wiki ya tatu. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa kuna watu wanaoshika tano: kila jioni wasilisho la kampuni, vitafunwa, kadi za mawasiliano, na kisa cha kesho hakijafunguliwa. Andika kampuni 15. Kila wiki zungumza na watu wawili wanaofanya kazi huko, dakika 20 kila mmoja. Ujumbe wa kuomba mazungumzo uwe mistari mitano: wewe ni nani, umempataje, unataka kujua nini hasa, siku mbili za kuchagua, asante. Usiombe kazi kwenye ujumbe huo. Baada ya mazungumzo, shukuru ndani ya saa 24 na uandike mambo mawili aliyosema, kwa sababu mwezi ujao utakuwa umewachanganya watu wote.

Vilabu?

Viwili: kimoja cha kazi unayoitaka, kimoja cha kukuchekesha. Uongozi usubiri muhula wa pili.

Ratiba ya wiki ipangweje?

Jumapili jioni, dakika 30. Orodhesha vipindi kumi vya wiki na uvipe daraja: vinne kamili (saa mbili za maandalizi), vinne nusu (saa moja), viwili vya kupitisha jicho (dakika 20). Jumla inatoka saa 20 hadi saa 12 na dakika 40. Kamili viende kwenye somo unalolielewa kidogo na kipindi ambacho hujaongea kwa wiki mbili. Tatizo la wengi ni kufanya kinyume: wanaandaa vizuri somo wanalolipenda.

Kisha ziba saa za kulala kwanza, ndipo ujaze mengine. Kafeini hukaa mwilini: kwa mtu wa kawaida nusu yake huondoka baada ya saa tano hivi. Kahawa ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado imo. Mwenye kutaka kulala saa tano usiku anywe ya mwisho mchana.

Nina mwenza na watoto.

Wape kalenda ya muhula wiki ya kwanza, wiki za mitihani zikiwa zimewekewa rangi nyekundu, ili kutokuwepo kwako kusiwe mshangao wa kila siku. Chagua saa zisizoguswa, mathalani saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, na ukiambie kikundi mapema kwamba hupatikani. Vikundi huheshimu mpaka uliotangazwa; hukasirishwa na mpaka unaogunduliwa kazi ikiwa imebaki saa mbili. Kuahidi “nikimaliza hii nakuja” ni kubaya kuliko kusema hapana, maana hii haiishi.

Naweza kutumia programu za akili mnemba kusoma visa?

Soma kanuni za shule kwanza, zinatofautiana somo kwa somo. Pale zinaporuhusu, tumia programu hizo zikuulize maswali au zikueleze dhana iliyokushinda. Muhtasari wa kisa ndio mtego: unakupa hadithi na kuacha kile kiambatisho kilichoficha jibu, na unaweza kukupa namba ambayo haimo kwenye kisa. Kila namba irudishwe kwenye ukurasa wake.

Wiki ya mitihani nifanyeje?

Tengeneza karatasi moja ya fomula kwa kila somo hata kama huruhusiwi kuingia nayo. Kuitengeneza ndiko kusoma. Fanya mitihani ya zamani miwili kwa saa kamili. Ndani ya chumba, gawa muda kwa alama: mtihani wa dakika 180 wenye alama 100, tenga dakika 20 za kukagua, zinabaki 160, yaani dakika 1.6 kwa alama. Swali la alama 15 lina dakika 24. Zikiisha, andika hatua ambazo ungefuata na uhame. Wasahihishaji wengi huzipa hatua alama, lakini ukurasa mtupu haupewi kitu.

Nitajuaje kwamba si uchovu tu, bali nahitaji msaada?

Usingizi ukikukimbia kwa wiki mbili hata siku zisizo na kazi, ukianza kukwepa watu na chakula, ukilia bila sababu, au ukifikiria kujidhuru, usisubiri muhula uishe. Likiwa la kujidhuru, nenda leo kwa daktari au huduma ya dharura, na mwambie mtu mmoja akusindikize. Kwa mengine, anza na mshauri nasaha wa shule. Mazungumzo hayo kwa kawaida ni ya siri na hayaingii kwenye alama.

Kuahirisha masomo kupo, na wengi waliowahi kuahirisha walirudi wakamaliza. Kabla ya kusaini fomu, uliza mambo manne kwa maandishi: tarehe ya mwisho ya kujitoa bila alama ya kufeli, kiasi cha ada kinachorudishwa, hali ya mkopo au ufadhili wako, na viza kama unasoma nje ya nchi yako. Tarehe hizo mara nyingi zinapita katikati ya muhula, wakati mtu bado anajiambia atajikaza. Ziandike kwenye kalenda yako wiki hii, hata kama huna mpango wa kuzitumia.